DAKTARI THEODOR KOCHER WA BERN (1841–1917): TABIBU ALIYEIKAGUA KAZI YA MIKONO YAKE

Katika sura zilizotangulia tumesoma habari za wainjilisti, wachungaji na akina mama waliojenga Usharika wetu. Sura hii inahusu huduma ya uponyaji, ambayo tangu mwanzo imekwenda pamoja na mahubiri ya Neno. Tumeona vema kuianza kwa habari za mtu ambaye hakufika kamwe katika nchi yetu, lakini kazi yake imegusa nyumba zetu nyingi.

Kwa wazee wetu wa Nyanda za Juu Kusini, ugonjwa wa rovu, yaani uvimbe wa shingo, haukuwa habari ya kusimuliwa. Waliishi nao. Walikuwapo akina mama waliofunika shingo zao kwa kitambaa hata wakati wa jua kali, na walikuwapo watoto waliochelewa kukua, kusikia na kuelewa bila mtu kujua sababu yake. Leo kijana aweza kufika makamo bila kuona rovu kubwa, kwa kuwa tangu miaka ya 1990 chumvi yetu hutiwa madini joto. Lakini kabla mambo haya hayajaeleweka, palikuwapo daktari mmoja katika mji mdogo wa Uswisi aliyejifunza kwa gharama kubwa, na kwa majuto makubwa, ni kazi gani Mungu ameipa tezi ile ndogo ya shingoni. Daktari huyo ni Emil Theodor Kocher.

Kuzaliwa na malezi

Theodor Kocher alizaliwa mjini Bern tarehe 25 Agosti 1841. Baba yake, Jakob Alexander Kocher, alikuwa mhandisi wa barabara na maji. Mama yake, Maria Wermuth, alikuwa mwanamke wa sala, mfuasi wa jamii ya Ndugu wa Moravian. Wageni wetu watakumbuka kwamba ni Kanisa hilo la Moravian lililowatuma wamisionari wake Rungwe mwaka 1891, mwaka ule ule ambao wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika Unyakyusa. Kwa hiyo imani aliyoinyonya Theodor kwa mama yake si ngeni kwetu. Aliishika mpaka kufa kwake, ingawa wengi wa wanasayansi wenzake hawakuijali. Mafanikio yake na kushindwa kwake vyote aliviweka mbele za Mungu.

Shuleni alikuwa miongoni mwa vijana wa mbele kabisa, akipenda sanaa na lugha za kale. Hata hivyo alichagua udaktari, akasoma katika Chuo Kikuu cha Bern na kuhitimu mwaka 1865. Baadaye alisafiri hadi Berlin, London na Paris ili kuwaona mabingwa wa upasuaji wakifanya kazi, kisha akarudi nyumbani kuwa msaidizi wa Profesa Georg Lücke.

Mwaka 1872 Lücke alihamia Strasbourg. Wakuu wa kitivo walitaka kumleta profesa kutoka Ujerumani, lakini madaktari na wanafunzi wa Bern walimwombea Kocher, na serikali ya jimbo ikawasikiliza. Hivyo akiwa na umri wa miaka 30 tu alikabidhiwa idara ya upasuaji ya hospitali ya Inselspital. Aliishika kazi hiyo kwa miaka 45. Vyuo vikubwa vya miji mingine vilimwita, naye akakataa. Bern ulikuwa mji mdogo ukilinganishwa na Berlin au Vienna, lakini ndiko alikozaliwa, na wagonjwa wake walikuwa huko.

Ndoa na nyumba

Mwaka 1869 alimwoa Marie Witschi, binti aliyezaliwa mwaka mmoja naye, na Mungu akawajalia watoto watatu wa kiume. Mwanzoni waliishi katika mtaa wa Marktgasse, katikati ya mji, na mwaka 1875 wakahamia nyumba kubwa zaidi mahali palipoitwa Villette. Marie alishiriki imani ya mumewe, na malezi ya kiroho ya watoto yalikuwa juu yake kwa sehemu kubwa.

Nyumba ya Villette haikuwa ngome ya mtu mashuhuri aliyejitenga na watu. Rafiki, wageni na madaktari wenzake waliingia na kutoka, na hata wagonjwa wengi walikaribishwa mezani kula pamoja na familia. Mgonjwa aliyekuwa amelala jana chini ya kisu cha profesa aliweza kuketi leo karibu na watoto wake. Albert, mtoto wa kwanza, alifuata nyayo za baba yake, akawa daktari wa upasuaji na kufanya kazi pamoja naye katika mji ule ule.

Kazi yake ya upasuaji

Mabonde ya milima ya Alps yalikuwa na rovu kama ilivyokuwa kwetu. Udongo wake ulikuwa umepungukiwa na madini joto, na hivyo chakula na maji vilipungukiwa pia. Rovu likikua sana lilikandamiza koo, na mgonjwa alishindwa kupumua, wakati mwingine hadi kufa. Lakini upasuaji wa shingo uliogopwa kuliko ugonjwa wenyewe, kwa kuwa mahali pale pana mishipa mingi ya damu. Wagonjwa wengi walivuja damu mpaka kufa mezani, na wengine walikufa baadaye kwa vidonda kuoza.

Kocher hakuwa daktari wa haraka. Wakati ambapo wapasuaji wengi walisifiwa kwa mwendo wa kisu, yeye alikwenda polepole, akifunga kila mshipa kabla haujamwaga damu. Alizingatia usafi wa mikono na vyombo kwa kufuata mafundisho ya Joseph Lister wa Uingereza. Aidha aliandika habari za kila mgonjwa kwa uangalifu mkubwa. Alitengeneza koleo lenye meno la kubania mishipa, ambalo hadi leo huitwa kwa jina lake katika vyumba vya upasuaji duniani kote, vya nchi yetu vikiwemo. Pia alibuni njia ya kurudisha bega lililoteguka. Katika miaka yake ya mwanzo, zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya 10 waliopasuliwa rovu alifariki. Kabla karne haijaisha, idadi hiyo ilishuka hadi mmoja hivi kati ya 100. Katika maisha yake alifanya zaidi ya pasuaji 5,000 za namna hiyo.

Jaribu kubwa

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo lililotufanya tuandike habari zake. Kwa kuwa mkono wake ulikuwa stadi, Kocher aliweza kufanya lile ambalo wengine walilishindwa, yaani kuiondoa tezi yote bila kubakiza kitu. Aliona kwamba huko ndiko kuponya kikamilifu. Jeraha lilipona vizuri, mgonjwa akarudi kwao, na profesa akahesabu ushindi.

Mwaka 1874 alimpasua hivyo binti wa miaka 11. Baada ya muda daktari wa nyumbani kwa binti huyo aliona kwamba mtoto amebadilika, akatoa habari, lakini Kocher hakuitilia maanani. Miaka ikapita. Mnamo Septemba 1882 alikutana mjini Geneva na daktari mwenzake, Jacques-Louis Reverdin, ambaye alimweleza kwamba baadhi ya wagonjwa walioondolewa tezi yote walikuwa wamedhoofika kwa namna ya ajabu. Safari hii Kocher alisikia. Aliporudi Bern alimtafuta yule binti. Alikuwa na mdogo wake ambaye hapo awali walifanana mno. Sasa yule mdogo alikuwa mwanamwali mrefu na mchangamfu, na yule mkubwa alikuwa amebaki na kimo cha mtoto, uso umevimba, akili imezimika.

Daktari huyu angeweza kunyamaza. Wagonjwa wale walikuwa wametawanyika vijijini, na jina lake lilikuwa limekwisha kuwa kubwa. Badala yake aliwaandikia wagonjwa wake wa zamani, akiwaomba waje achunguze matokeo ya kazi yake. Wale waliobakiziwa sehemu ya tezi alikuta ni wazima. Lakini kati ya 18 walioondolewa tezi yote na ambao aliweza kuwachunguza, ni 2 tu waliokuwa salama. Wengine 16 walikuwa wamechoka mwili, wamevimba, wanahisi baridi daima, na fikra zao zimekuwa nzito.

Mwezi Aprili 1883 alisimama mbele ya mkutano wa madaktari wa upasuaji wa Ujerumani mjini Berlin, akaeleza yote aliyoyaona, idadi na hali ya kila mmoja. Alieleza kwamba madhara yale yametokana na upasuaji alioufanya mwenyewe, na kwamba tangu hapo hataondoa tena tezi yote kwa mgonjwa wa rovu la kawaida. Haki inatutaka tukumbuke kwamba Reverdin na binamu yake Auguste walikuwa wametangulia kuliona jambo hili, na sifa hiyo ni yao. Lakini hesabu kamili ya wagonjwa, iliyotolewa hadharani na mtu ambaye hesabu hiyo ilimhukumu, ndiyo iliyoizindua dunia.

Matunda ya ukweli

Kabla ya hapo, hakuna aliyejua kwa hakika tezi ya shingo ina kazi gani. Sasa ilidhihirika kwamba bila hiyo mwili haukui wala akili haistawi. Mwaka 1891 George Murray wa Uingereza alimtibu mgonjwa wa aina hiyo kwa kumdunga maji ya tezi ya kondoo, na mgonjwa akapata nguvu. Tangu hapo waliopungukiwa na kazi ya tezi wakawa na dawa.

Mwaka 1909 Kocher alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi yake juu ya tezi hiyo. Alikuwa daktari wa upasuaji wa kwanza duniani kuipata. Mwaka 1912 alitoa faranga 200,000 za Uswisi kwa Chuo Kikuu cha Bern ili kuanzisha taasisi ya utafiti. Madaktari walikuja kujifunza kwake kutoka nchi nyingi, akiwemo Harvey Cushing wa Marekani, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo. Wagonjwa nao walitoka mbali. Mwaka 1913 alimpasua mke wa mkimbizi mmoja wa Kirusi. Mkimbizi huyo alikuwa Lenin.

Mwisho wa safari

Jioni ya tarehe 23 Julai 1917, akiwa karibu na umri wa miaka 76, Kocher aliitwa hospitalini kwa mgonjwa wa dharura. Alikwenda, akafanya upasuaji. Baada ya kazi hiyo alijisikia vibaya, akalala kitandani huku akiendelea na maandishi yake, kisha akapoteza fahamu. Alifariki tarehe 27 Julai 1917 katika mji alimozaliwa. Marie, mwenzi wake wa miaka 48, alibaki mjane. Mtaa mmoja wa Bern na bustani ya watu wote vina jina lake.

Hakuishi kuona mwaka 1922, Uswisi ilipoanza kutia madini joto katika chumvi na rovu likaanza kutoweka mabondeni. Dawa ya ugonjwa aliopambana nao maisha yake yote ilikuwa chembe ndogo katika chungu cha jikoni, ile ile ambayo miongo mingi baadaye ilifika katika vyungu vyetu.

Tunapoadhimisha miaka mia moja ya Usharika, ni rahisi kuhesabu majengo, idadi ya waliobatizwa na kazi zilizofanikiwa. Maisha ya Daktari Kocher yanatukumbusha kwamba yafaa pia kuwatafuta wale ambao kazi yetu haikuwafaa, au iliwaumiza, na kuwauliza hali zao. Mtumishi aliyefanya hivyo hakuangamia kwa aibu. Mungu aliigeuza toba yake kuwa uponyaji wa wengi. Na atupe sisi nasi, wazee, watumishi na washarika wote, ujasiri wa kuikagua kazi ya mikono yetu mbele zake. Amina.