D.O. Misiani: Kijana Aliyevunjiwa Gitaa

Marehemu Daniel Owino Misiani hakuzaliwa Kenya, ingawa Kisumu ilimchukua kama mwanawe. Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, huko Shirati, upande wa Tanzania, pale ufuko wa Ziwa Victoria unapokaribia mpaka. Wajaluo wa huku na wa kule ni ndugu. Mpaka ulichorwa na wageni.

Wazazi wake walikuwa wacha Mungu, tena waimbaji wa kanisani. Ungedhani wangefurahi kuona mtoto amerithi sauti. La, hasha! Gitaa halikupendwa nyumbani, na gitaa la kwanza la kijana huyo lilivunjwa. Sisi wa pwani tusishangae. Ni wangapi mitaani mwetu waliojifunza udi kwa kujificha, wakiogopa fimbo ya baba na jicho la mwalimu wa chuoni?

Kijana hakuacha. Alivuka mpaka akaingia Kenya, ambako vijana wenziwe walikuwa wakijaribu jambo jipya: kulipiga gitaa kama nyatiti. Nyatiti ni kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi nane. Mpigaji hukaa juu ya kigoda, na pete ya chuma katika kidole cha mguu hugonga ubao wa chombo kushika mwendo. Basi badala ya kuzikwaruza nyuzi zote pamoja, gitaa likadonolewa uzi mmoja mmoja, mbio mbio, likijibizana na mwimbaji. Mwimbaji akinyamaza, ndipo linaposema hasa. Hiyo ndiyo benga. Misiani hakuianzisha peke yake, lakini wapenzi wake walimwita babu wa benga.

Sahani zake zilianza kuvuma katikati ya miaka ya 1960. Bendi ilibadili jina mara kadhaa, ikaitwa Victoria Boys, mwisho Shirati Jazz. Aliimba mapenzi, na visa vya Biblia, na mambo ya wakubwa kwa mafumbo. Watu wa mafumbo twaijua hatari yake: mlengwa akilifumbua, mshairi hulala ndani. Misiani alikamatwa, akapata hata kurudishwa Tanzania kwa nguvu, ahesabiwe mgeni katika nchi aliyoiimbia umri wake. Alirejea, akaimba tena.

Tarehe 17 Mei 2006, gari alilopanda lilipata ajali Kisumu, akafa. Alikuwa na miaka 66, na gitaa hajaliweka chini.