Heywood Broun: Mwandishi Aliyekataa Kuwa Salama Peke Yake

Wanachuo wenzangu, likizo ndefu iliyopita nilikuwa nyumbani naandikia gazeti moja habari za wilayani kwetu. Mkataba sina, kitambulisho sina, nalipwa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, nauli imekula kwangu. Siku moja nikaandika habari ya shule binafsi ambayo haikuwa imewalipa walimu wake miezi mitatu. Niliongea na walimu, nikaongea na uongozi wa shule, kila upande nikaupa nafasi yake. Haikutoka. Nilipopiga simu kuuliza, nikaambiwa shule ile huwa inalipia matangazo gazetini, kwa hiyo niachane nayo nitafute nyingine. Nikasema sawa, nikakata simu.

Hiyo sawa yangu ndiyo iliyonifanya nianze kusoma habari za jamaa mmoja wa Marekani, Heywood Broun. Wengi wetu hatujawahi kumsikia, lakini enzi zake alikuwa miongoni mwa waandishi wa safu waliosomwa sana New York.

Alizaliwa mwaka 1888 Brooklyn, kwenye familia ambayo haikuwa na shida ya mkate. Akasoma Harvard, ila akatoka bila shahada kwa sababu Kifaransa kilimshinda. Wale wenye masomo ya kurudia mnamwelewa. Akaingia magazetini akiripoti mchezo wa besiboli, kisha akawa mhakiki wa tamthilia, na mwaka 1917 akaenda Ufaransa kuripoti vita. Alikuwa pande la mtu, na kwa mavazi hovyo kabisa. Rafiki zake walimfananisha na kitanda ambacho hakijatandikwa.

Mwaka 1921 alihamia gazeti la New York World, mali ya familia ya Pulitzer. Pale alipewa safu yake mwenyewe na uhuru wa kuandika anachokiona. Uhuru huo ulikuwa mtamu mpaka ulipopimwa mwezi Agosti 1927.

Kulikuwa na wahamiaji wawili wa Kitaliano, Nicola Sacco na Bartolomeo Vanzetti, waliohukumiwa kifo Massachusetts kwa mauaji yaliyotokea wakati wa uporaji mwaka 1920. Watu wengi duniani waliamini kwamba kilichowaponza ni siasa zao na asili yao kuliko ushahidi. Gavana aliunda kamati ya watu watatu kumshauri, na aliyekuwa kinara wake ni Lawrence Lowell, rais wa Harvard. Kamati ikaona hukumu ilikuwa ya haki. Broun akawaka. Aliishambulia kamati, na chuo alichosoma mwenyewe hakukiacha. Mwenye gazeti akaona mambo yamezidi, akamtaka aachane na kesi ile. Broun alipoendelea, makala zake zikazuiwa. Sacco na Vanzetti waliuawa tarehe 23 Agosti 1927, na safu ya Broun haikuwepo gazetini.

Alirudi World mwaka uliofuata, lakini hakukaa. Aliandika kwenye jarida la The Nation akilikosoa gazeti lake mwenyewe kwamba halina ujasiri linaojisifia. Wakamfukuza, mwaka huohuo wa 1928. Akachukuliwa na gazeti la Telegram la kampuni ya Scripps-Howard, na maisha yakaendelea.

Hapo ndipo niliposimama kusoma nikajiuliza: kwani mimi na huyu tunafanana nini? Yeye alikuwa na jina. Akifukuzwa huku anaitwa kule, na mshahara wake ulikuwa mnono. Mtu wa hivyo kusema hapana si ajabu sana. Mimi ningesema hapana kwenye ile simu, kesho yake nafasi yangu ingechukuliwa na kijana mwingine mwenye njaa kama yangu. Ukweli ni kwamba ningeweza kuishia hapo na kumwona Broun kama tajiri jasiri tu. Kilichonibakiza ni kwamba hata yeye aliliona jambo hili.

Mwaka 1931 familia ya Pulitzer iliuza gazeti la World, likaunganishwa na Telegram. Zaidi ya watu 2,000 walipoteza kazi kwa mara moja, tena katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Waliokuwa wamejaza kurasa zile usiku na mchana walijikuta mtaani. Mafundi wa kuchapa walikuwa na chama chao cha miaka mingi. Waandishi, walioona aibu kujiita vibarua, hawakuwa na kitu.

Kisha mwaka 1933 serikali ya Rais Roosevelt ikaleta sheria ya kufufua uchumi, ambapo kila sekta ilitakiwa kuweka kanuni za saa za kazi na mishahara. Wenye magazeti wakaja na hoja yao: waandishi ni wanataaluma, kwa hiyo ukomo wa saa za kazi usiwahusu. Sifa kubwa hiyo, kumbe ndani yake kuna kamba. Mtu anapewa heshima ya taaluma ili afanye kazi mpaka usiku wa manane kwa malipo yaleyale.

Sisi wa ualimu hoja hii tunaijua kwa jina lingine. Tunaambiwa ualimu ni wito. Na kweli ni wito, sikatai. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha niliuona kwa macho yangu. Lakini nimeona pia neno hilohilo likitolewa kila mwalimu anapouliza habari ya nyumba au malimbikizo. Ukiwa na wito, eti huli?

Tarehe 7 Agosti 1933 Broun alitumia safu yake kuwaita waandishi waunde chama cha wafanyakazi. Alikiri kwamba yeye mwenyewe analipwa vizuri na hana dhiki, ila akasema yuko tayari kusaidia wenzake wajipange. Waandishi wa Cleveland walianza kujipanga mwezi huohuo, na miji mingine ikafuata. Tarehe 15 Desemba 1933 wajumbe walikutana Washington wakaunda American Newspaper Guild, na Broun akawa rais wa kwanza. Alibaki kwenye kiti hicho mpaka kifo chake.

Miaka iliyofuata haikuwa ya hotuba tu. Broun alisimama barabarani na waandishi waliogoma, mwili wake mkubwa ukionekana kutoka mbali. Lakini kesi ninayoipenda zaidi haikumhusu yeye moja kwa moja. Mwaka 1935 shirika la habari la Associated Press lilimfukuza mhariri wake Morris Watson, aliyekuwa kiongozi ndani ya chama. Shirika lilijitetea kwamba kulazimishwa kumrudisha kazini ni kuingilia uhuru wa vyombo vya habari. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na Aprili 1937, kwa kura tano kwa nne, majaji wakaamua Watson arudishwe. Hoja ya mahakama ilikuwa nyepesi kueleweka: kuwa mwenye gazeti hakumtoi mtu nje ya sheria zinazowabana waajiri wengine. Gazeti lina haki ya kumfukuza mhariri anayepotosha habari, ila halina haki ya kumfukuza kwa sababu amejiunga na chama.

Tusome hapo taratibu. Uhuru wa habari kumbe unaweza kutumiwa na mwenye gazeti dhidi ya mwandishi wa habari. Nilikuwa nadhani maadili ya uandishi ni jambo la moyo wa mtu: una msimamo au huna. Sasa naona yana upande wa karatasi. Mwenye mkataba na wenzake nyuma anaweza kuuliza kwa nini habari imezuiwa. Asiye na kitu atasema sawa, hata kama moyo wake ni safi kuliko maji ya mvua.

Broun hakuwa malaika. Alipenda ulevi, alipenda kamari, na mwaka 1930 aligombea ubunge kwa chama cha Kisoshalisti akashindwa. Mwaka 1939 kampuni yake ilikataa kumwongezea mkataba. Akapata nafasi New York Post, akaandika safu moja tu, nimonia ikamchukua tarehe 18 Desemba 1939. Alikuwa na miaka 51. Chama alichokianzisha kilibaki, na hutoa tuzo ya uandishi yenye jina lake.

Jarida hili tunaloandikia halina mshahara, najua. Lakini nina ombi kwa wahariri wetu: makala ya mwanachuo ikiondolewa, aambiwe sababu kwa maandishi. Ni karatasi moja tu, na haihitaji bajeti.

Kuhusu mimi, mmoja wa walimu wale wa shule binafsi bado ananitumia ujumbe kuuliza habari yao itatoka lini. Mpaka leo nimekuwa nikimjibu kwamba bado inashughulikiwa. Nikishakabidhi makala haya kwa mhariri, nampigia mwalimu simu nimweleze kilichotokea, na namna nilivyosema sawa.