Albert Namatjira: Mchoraji Aliyeijua Nchi Yake Kabla ya Kuwa Raia

Mwaka 1936, mtunza ngamia mwenye umri wa takribani miaka 34 aliingia katika mabonde ya Milima ya MacDonnell, katikati ya Australia, akiwa pamoja na mchoraji mgeni kutoka kusini mwa nchi hiyo. Makubaliano yao yalikuwa mepesi: mwenyeji angetunza ngamia na kuonyesha njia, na mgeni angemfundisha kuchora mandhari kwa rangi za maji. Walifanya safari mbili, kila moja ikichukua muda wa mwezi mmoja. Miaka miwili baadaye mtunza ngamia huyo, Albert Namatjira, aliuza picha zake zote 41 katika maonesho yake binafsi ya kwanza mjini Melbourne. Hata hivyo, ilipasa ipite miaka 21 tangu safari zile ndipo sheria za nchi yake zimtambue kuwa raia kamili.

Namatjira alizaliwa tarehe 28 Julai 1902 huko Hermannsburg, mahali ambapo wenyeji hupaita Ntaria, kwenye misheni ya Kilutheri iliyo umbali wa kilomita zipatazo 130 magharibi mwa mji wa Alice Springs. Wazazi wake walikuwa Waarrernte wa Magharibi, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Australia. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Elea. Wazazi wake walipobatizwa mwaka 1905, naye alibatizwa na kupewa jina la Albert. Alisoma katika shule ya misheni, na alipofikisha umri wa miaka 13 alipelekwa jandoni na wazee wa jamii yake. Kwa njia hiyo alilelewa na mafundisho mawili kwa wakati mmoja, ya kanisani na ya mababu, na hakuna hata moja aliloliacha.

Akiwa na umri wa miaka 18 aliondoka misheni na kumwoa Ilkalita, binti wa jamii jirani ya Wakukatja, ambaye baadaye alibatizwa kwa jina la Rubina. Ndoa hiyo ilikwenda kinyume na taratibu za koo zinazoelekeza nani amwoe nani, na kwa sababu hiyo wawili hao walilazimika kuishi mbali na jamaa zao kwa miaka kadhaa. Walirejea Hermannsburg mwaka 1923. Katika miaka hiyo na iliyofuata, Namatjira alifanya kazi za uhunzi, useremala, uchungaji wa ng'ombe na uongozaji wa misafara ya ngamia. Kazi hizo zilimpitisha katika nchi pana ya miamba na mchanga, akayajua makorongo, visima na vilele vya milima kwa majina yake na kwa simulizi za mababu zilizofungamana na kila mahali. Elimu hiyo ndiyo iliyokuwa mtaji wake siku aliposhika brashi.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 ukame mkali uliikumba misheni hiyo na kugharimu maisha ya watu wengi, hasa watoto. Mchungaji Friedrich Wilhelm Albrecht, aliyekuwa msimamizi wake, alihimiza kazi za mikono ili wakazi wajipatie fedha. Namatjira alikuwa miongoni mwa waliochonga vifaa vya mbao na kuvipamba kwa michoro iliyounguzwa kwa chuma cha moto. Wachoraji wa Melbourne nao walisaidia kuchangisha fedha kwa kuuza picha, na mwaka 1935 maji ya chemchemi ya Kaporilja yakafikishwa misheni kwa bomba. Hivyo watu wa Hermannsburg walikwisha kuona, kabla ya mmoja wao kuwa mchoraji, kwamba picha inaweza kuleta maji.

Mwaka 1934 wachoraji wawili kutoka jimbo la Victoria, Rex Battarbee na John Gardner, walifika Hermannsburg na kuwaonesha wakazi picha zao za rangi za maji. Namatjira alizitazama kwa makini. Hazikuwa picha za nchi za mbali. Zilikuwa za milima aliyokuwa akipita chini yake kila siku. Aliomba afundishwe, akapatiwa vifaa, na Battarbee aliporudi mwaka 1936 ndipo safari zile mbili za ngamia zikafanyika, katika eneo la Palm Valley na sehemu nyingine za Milima ya MacDonnell. Battarbee mwenyewe alikuwa askari aliyejeruhiwa vibaya katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akaishika sanaa kwa kuwa hakuweza tena kazi nzito.

Uchoraji wa rangi za maji nje ya nyumba una masharti yake. Mchoraji huanza kwa mistari hafifu ya penseli inayoweka mahali pa kilima, mti na upeo wa macho. Kisha hupaka rangi nyepesi iliyochanganywa na maji mengi, akitangulia na anga, halafu milima ya mbali, na mwisho vitu vilivyo karibu. Kazi huenda kutoka rangi nyepesi kuelekea nzito, kwa maana rangi ya maji hupenyeza nuru ya karatasi na haifuniki kosa lililo chini yake. Palipo na weupe katika picha ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa. Asiyeiacha mapema hawezi kuirudisha baadaye. Zaidi ya hayo, katika hewa kavu ya jangwa rangi hukauka upesi, na kivuli cha asubuhi hakimsubiri mtu. Mwanafunzi hulazimika kuamua kabla ya kuchovya brashi.

Masharti hayo yalimfaa Namatjira. Jicho lake lilikwisha kuzoea kutofautisha rangi za umbali: zambarau ya mlima asubuhi, wekundu wa mwamba wakati jua linapoinama, samawati ya safu ya mwisho kabisa. Katika picha zake nyingi mkalitusi wenye gome jeupe umesimama mbele, shina lake likiwaka kwa weupe wa karatasi, na nyuma yake safu za milima zinafuatana hadi mbali. Mlima Sonder, ambao wenyeji huuita Rutjipma, aliuchora mara nyingi kutoka pande mbalimbali na katika saa tofauti za siku. Kwa mtazamaji wa mjini hayo yalikuwa mandhari mazuri. Kwa mchoraji yalikuwa maeneo ya ukoo wake, na kila mahali palikuwa na wenyewe.

Maendeleo yake yalikuwa ya haraka. Mwaka 1937 Battarbee alijumuisha picha tatu za mwanafunzi wake katika maonesho yake mwenyewe mjini Adelaide, na mwaka 1938 yakafuata maonesho ya Melbourne yaliyotajwa hapo juu. Mwaka 1944 jina lake liliingizwa katika kitabu cha watu mashuhuri wa Australia. Mwaka 1953 alitunukiwa medali ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na mwaka uliofuata alikwenda Canberra kukutana na Malkia huyo. Picha ya sura yake iliyochorwa na William Dargie ilishinda Tuzo ya Archibald ya mwaka 1956, ambayo ni tuzo mashuhuri ya picha za watu nchini humo. Nakala za kazi zake zilizochapishwa zilitundikwa katika nyumba nyingi za Waaustralia.

Umaarufu huo haukubadili hadhi yake mbele ya sheria. Aliomba leseni ya malisho ili afuge ng'ombe, lakini hakufanikiwa. Mwaka 1951 alitaka kujenga nyumba katika mji wa Alice Springs, akakataliwa kwa sababu alikuwa mwenyeji wa asili. Alilipa kodi ya mapato kama walipavyo raia, ilhali hakuwa na haki ya kupiga kura wala ya kuishi mahali alipopenda. Mchoraji ambaye picha zake zilipamba kuta za matajiri aliishi kambini, pembezoni mwa mji, mahali paitwapo Morris Soak. Mapato yake nayo hayakuwa yake peke yake. Kwa desturi ya Waarrernte, aliyepata humgawia jamaa, na jamaa waliomtegemea Namatjira walikuwa wengi.

Mwaka 1957 sheria mpya ya ustawi wa jamii ilianza kutumika katika Eneo la Kaskazini la Australia. Sheria hiyo haikutaja rangi ya mtu, bali iliwaweka chini ya ulezi wa serikali wote waliohesabiwa kuhitaji uangalizi. Orodha iliyotangazwa ilikuwa na majina zaidi ya 15,000, na karibu wenyeji wote wa asili wa eneo hilo waliandikwa humo. Majina ya Albert na Rubina Namatjira hayakuwemo. Kwa kutoandikwa huko, mume na mke hao wakawa raia kamili: wangeweza kupiga kura, kumiliki ardhi na kununua pombe. Watoto wao, ndugu zao na majirani zao wa kambini walibaki chini ya ulezi.

Hapo ndipo ulipoanza mkasa wa mwisho wa maisha yake. Sheria ile ile iliyomruhusu kununua pombe ilimfanya kuwa mkosaji endapo angempatia jamaa yake aliyekuwa katika orodha. Desturi iliyomlea ilimtaka agawane kila alichonacho. Uraia ulimtaka ale na kunywa peke yake. Mwaka 1958, baada ya mwanamke kijana kuuawa kambini Morris Soak katika tukio lililohusishwa na ulevi, Namatjira alilaumiwa kwa kuleta pombe mahali pale. Baadaye mwaka huo alishtakiwa kwa kumpatia pombe ndugu wa ukoo wake, ambaye alikuwa mchoraji mwenzake, kwa kuacha chupa mahali ambapo ndugu huyo angeweza kuifikia. Alihukumiwa kifungo cha miezi sita pamoja na kazi ngumu.

Hukumu hiyo ilizusha malalamiko makubwa nchini. Rufaa yake ilipunguza adhabu hadi miezi mitatu, lakini mahakama ya juu kabisa ya Australia ilikataa kuisikiliza kesi yake. Serikali iliamua asipelekwe gerezani, bali atumikie adhabu katika makazi ya wenyeji ya Papunya, ambako alikaa miezi miwili mwaka 1959. Alitoka akiwa amevunjika moyo, na hamu ya kuchora ilikuwa imempungua sana. Tarehe 8 Agosti mwaka huo huo alifariki dunia katika hospitali ya Alice Springs kwa maradhi ya moyo yaliyoambatana na homa ya mapafu. Alikuwa na umri wa miaka 57.

Kisa chake kiliwafanya Waaustralia wengi kujiuliza ni uraia gani unaotolewa kwa mtu na kunyimwa watoto wake. Mwaka 1962 wenyeji wa asili waliruhusiwa kupiga kura katika uchaguzi wa taifa. Mwaka 1964 sheria ya ulezi katika Eneo la Kaskazini ilifutwa, na mwaka 1967 zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura waliafiki katiba irekebishwe ili wenyeji wahesabiwe katika sensa na Bunge la taifa liweze kuwatungia sheria.

Lilibaki suala la hakimiliki. Mwaka 1957 Namatjira aliingia mkataba na kampuni ya uchapaji kuhusu kunakili kazi zake. Baada ya kifo chake usimamizi wa mirathi uliangukia mikononi mwa serikali, na mwaka 1983 ofisi iliyohusika iliiuzia kampuni hiyo hakimiliki yote kwa dola 8,500, huku familia ikibaki bila kitu. Ilichukua zaidi ya miaka 30 ya madai hadi mwaka 2017, ambapo haki hizo zilihamishiwa kwa mfuko wa familia kwa bei ya dola moja. Mwaka uliofuata serikali ya Eneo la Kaskazini ililipa fidia kwa familia hiyo.

Sanaa aliyoianzisha haikufa. Wanawe na jamaa zake walijifunza kwake kwa njia ile ile aliyojifunza yeye, wakiketi chini mbele ya mlima wakiwa na kisanduku cha rangi na kikombe cha maji, na kazi zao zikaja kujulikana kama mkondo wa Hermannsburg. Wahakiki waliowahi kuziona picha zake kuwa ni uigaji wa mitindo ya Ulaya walisahihishwa na wakati. Leo inafahamika kwamba ndani ya mtindo wa kigeni aliandika hati ya nchi ya mababu zake. Mwaka 2020, kitukuu wake Vincent Namatjira alishinda Tuzo ya Archibald, akiwa mwenyeji wa asili wa kwanza kuipata tangu ilipoanzishwa mwaka 1921.

Maisha ya Namatjira yanaonesha kwamba fundi anaweza kukamilika katika miezi miwili ikiwa miaka 30 iliyotangulia ameitumia kuitazama nchi yake. Yanaonesha pia kwamba haki anayopewa mtu mmoja kama zawadi, huku jamaa zake wakiachwa nje ya mlango, inaweza kugeuka kuwa mzigo kwa aliyeipokea.