Abul-Qasim az-Zahrawi: Mwalimu wa Wapasuaji

Mwanafunzi mpenzi, ukipita KCMC, hospitali yetu ya rufaa iliyofunguliwa hapa Moshi mwaka 1971, huenda umewahi kujiuliza: madaktari walijifunza kwa nani kupasua mwili wa mtu na kuushona? Mmoja wa waalimu wao wa zamani alikuwa Mwislamu wa Andalusi, Abul-Qasim Khalaf bin Abbas az-Zahrawi.

Alizaliwa yapata mwaka 936 katika mji wa Madinat az-Zahra, karibu na Cordoba, nchi ambayo leo ni Hispania. Baada ya kutibu watu kwa miaka mingi aliandika kitabu kiitwacho At-Tasrif, chenye juzuu 30. Juzuu ya mwisho ni ya upasuaji. Humo alichora zana zipatazo 200, zikiwemo visu, kulabu na koleo, akaeleza namna ya kuondoa nyama zilizoota puani.

Lakini jambo kubwa tunalojifunza kwake ni tahadhari. Katika dibaji anasimulia alivyomwona tabibu mjinga akipasua uvimbe shingoni mwa mwanamke. Tabibu yule alikata mishipa, na mwanamke akatokwa na damu mpaka akafa. Kwa hiyo az-Zahrawi akasisitiza kuwa mtu asishike kisu kabla hajasoma maumbile ya mwili. Naye mwenyewe, alipoona watoto waliojaa maji kichwani wanakufa, aliona ni heri asiwapasue.

Alifariki yapata mwaka 1013. Katika karne ya 12 juzuu ile ilifasiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona, ikasomeshwa Ulaya kwa karne nyingi.

Leo baadhi ya uvimbe wa ubongo hutolewa kwa tundu dogo la fuvu au kupitia puani, daktari akiongozwa na kamera nyembamba. Hapa Tanzania, taasisi ya MOI, Dar es Salaam, imefanya upasuaji wa kupitia puani. Hata hivyo madaktari huanza kwa picha za kichwa, wajue uvimbe uko wapi na umepakana na mishipa gani, ndipo waamue kupasua au kuacha.

Basi, kijana unayetamani udaktari, usidharau somo la biolojia. Siku moja maisha ya mtu yatakuwa mikononi mwako. Mwenyezi Mungu amrehemu az-Zahrawi. Amin.