John Boyd Dunlop: Daktari wa mifugo aliyebadili hesabu ya msafirishaji

LORI linalotoka Arua asubuhi kuelekea Koboko na mpaka wa Oraba lina gharama mbili ambazo mwenye mali huziwaza kila siku: dizeli iliyomo kwenye tangi na matairi yanayokanyaga barabara. Wengi huziandika katika safu mbili tofauti za daftari. Mtu aliyeifanya dunia ya biashara ione kwamba gharama hizo zinategemeana hakuwa dereva wala mhandisi. Alikuwa daktari wa mifugo, John Boyd Dunlop.

Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, Scotland, kwenye familia ya wakulima. Alisomea tiba ya mifugo mjini Edinburgh na kufuzu akiwa na umri wa miaka 19. Mwaka 1867 alihamia Ireland, na baadaye akaendesha shughuli zake mjini Belfast, ambako wateja wake walikuwa hasa wenye farasi wa kukokota mizigo.

Mwaka 1887, akiwa na miaka 47, alitaka kuipunguzia mitikisiko baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Wakati huo magurudumu yalikuwa ya chuma au ya mpira mgumu usio na upepo. Dunlop alitengeneza tyubu kwa karatasi nyembamba ya mpira, akaifunga kwenye duara la ubao na kuijaza upepo. Kisha alivingirisha uani gurudumu hilo pamoja na lile la baiskeli. La baiskeli lilisimama na kuanguka njiani. La upepo liliendelea hadi likagonga nguzo ya lango na kurudi nyuma.

Jaribio hilo la uani ndilo somo zima la tairi na mafuta. Nguvu iliyotumika ilikaribiana, lakini umbali ulitofautiana. Gurudumu gumu linapokutana na jiwe hulazimika kulipanda na kuinua mzigo wote, ilhali lenye upepo hubonyea na kulimeza jiwe.

Hataza na hasara

Dunlop alipata hataza tarehe 7 Desemba 1888. Mei 1889, mwendesha baiskeli Willie Hume alitumia matairi hayo kushinda mashindano mjini Belfast, na mfanyabiashara Harvey du Cros wa Dublin akaingia katika kampuni iliyoanzishwa mwaka huo. Pigo lilikuja mwaka 1890. Ilibainika kwamba Robert William Thomson, Mskoti mwenzake, alikuwa amesajili wazo hilo tangu 1845, hivyo hataza ya Dunlop haikuwa na nguvu. Kampuni iliponea kwa kununua hataza nyingine za rimu na za namna ya kulishikilia tairi.

Katikati ya miaka ya 1890 Dunlop alijitoa. Mwaka 1896 du Cros na wenzake waliiuza kampuni kwa pauni milioni 3 kwa Ernest Terah Hooley, aliyeiuza tena sokoni kwa milioni 5. Mwenye jina lililochapwa kwenye tairi hakuvuna utajiri huo. Alifariki Dublin tarehe 23 Oktoba 1921.

Kulikuwa pia na waliolipa zaidi ya fedha. Mahitaji ya mpira yaliyoletwa na matairi yaliipa nguvu biashara ya mpira ya Mfalme Leopold II huko Kongo, iliyoendeshwa kwa mateso na mauaji. Mfalme huyo huyo alikodishiwa eneo la Lado mwaka 1894, na eneo hilo lilijumuisha Arua na Koboko za leo. Baada ya kifo chake Desemba 1909 Lado ilirudishwa Sudan mwaka 1910, na West Nile ikaingizwa Uganda mwaka 1914.

Hesabu ya leo

Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, iliwekwa lami katika miaka ya 2010. Wakati wa udongo, Land Cruiser iliyoinuliwa na kuvalishwa matairi mapana ya matope ilikuwa na faida, kwa kuwa kukwama siku moja kunagharimu kuliko lita kadhaa za dizeli. Juu ya lami, tairi hilo hilo hula faida.

Kila tairi linapozunguka, mpira hubonyea na kurudi, na sehemu ya nguvu ya injini hupotea kuwa joto. Kashata nene na laini hupoteza zaidi. Tairi zito huhitaji nguvu zaidi kila gari linapoondoka, na tairi pana huongeza kizuizi cha upepo. Kwa lori lenye mzigo, upotevu wa matairi huweza kufikia karibu theluthi moja ya mafuta.

Upepo ukipungua, hali huwa mbaya zaidi. Kwa magari madogo, makadirio ya Marekani ni kwamba kila psi 1 ikipungua kwa wastani katika matairi yote, matumizi huongezeka kwa takriban asilimia 0.2. Psi 10 ni asilimia 2. Dereva aliyepunguza upepo ili apite tope anapaswa kuurudisha kabla ya kushika lami.

Upo pia mtego wa mita ya kilomita. Aliyetoa tairi la 235/85R16 na kuweka 285/75R16 ameongeza kipenyo kwa karibu asilimia 3.5. Mita ikisoma 100, gari limekwenda takriban 103.5. Asiyesahihisha ataona matumizi makubwa kuliko yalivyo, na hatajua ni kiasi gani kimeliwa kweli na tairi.

Dunlop hakuwa na mita wala mizani ya maabara. Alivingirisha magurudumu mawili mahali pamoja, akaangalia lipi limefika mbali. Msafirishaji anaweza kufanya vivyo hivyo kwa njia ile ile, mzigo ule ule na tangi lililojazwa mwanzo na mwisho, kabla hajalipia seti mpya.