Dk Ruxton: Alichokikata ndicho kilichomtaja

JUMAPILI alfajiri, Septemba 15, 1935, mlango wa mwanamke mmoja aliyekuwa akifanya usafi katika nyumba ya daktari mjini Lancaster, kaskazini mwa Uingereza, uligongwa. Aliyegonga ni daktari mwenyewe. Alisema mama huyo asihangaike kwenda kazini siku ile, kwa kuwa mkewe na msichana wa kazi walikuwa wamesafiri kwenda Edinburgh.

Hiyo ilikuwa hadithi ya kwanza. Nyingine zilifuata, na kila aliyeuliza alipewa ya kwake.

Daktari huyo alijulikana kwa jina la Buck Ruxton. Alizaliwa Bombay, India, Machi 21, 1899, katika familia ya Waparsi, na jina alilopewa na wazazi wake ni Bukhtyar Rustomji Ratanji Hakim. Alisomea udaktari Bombay, akafuzu mwaka 1922, kisha akafanya kazi katika idara ya tiba ya jeshi la India, ikiwamo miji ya Basra na Baghdad. Mwaka 1926 alihamia Uingereza. Alijaribu mitihani ya ubingwa wa upasuaji Edinburgh bila kufaulu, lakini shahada yake ya Bombay ilimruhusu kutibu.

Huko Edinburgh ndiko alikokutana na Isabella Kerr, mwanamke wa Kiskoti aliyekuwa msimamizi wa mkahawa. Hawakufunga ndoa ya kisheria, ila waliishi kama mume na mke na wakapata watoto watatu. Mwaka 1930 walihamia Lancaster na kufungua kliniki nyumbani kwao, namba 2 Dalton Square.

Mjini humo daktari alipendwa. Wagonjwa maskini walimkumbuka kwa kutowadai malipo. Lakini ndani ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Alikuwa na wivu mkali, akimshuku Isabella kuwa na wanaume wengine, na ugomvi wao uliwahi kufika polisi.

Jumamosi, Septemba 14, Isabella aliendesha gari hadi Blackpool kuwaona dada zake. Aliagana nao karibu na saa sita usiku, akashika njia ya kurudi nyumbani. Gari lilifika. Isabella hakuonekana tena akiwa hai, wala Mary Rogerson, msichana wa miaka 20 aliyewalea watoto wa nyumba hiyo.

Hadithi zinaongezeka

Siku ileile ya Jumapili, Ruxton aliwapeleka watoto kwa rafiki yake katika mji jirani wa Morecambe, kisha akamwomba mgonjwa wake mmoja aje kumsaidia kusugua nyumba. Mazulia ya ngazi yalikuwa yameng'olewa na beseni la kuogea lilikuwa na madoa. Alieleza kuwa anajiandaa kwa mafundi wa rangi. Kidonda kikubwa mkononi mwake, alisema, kilitokana na kufungua kopo la matunda.

Mama wa usafi aliambiwa Edinburgh. Mwingine aliambiwa kuwa Isabella yuko Blackpool. Wengine walisikia kuwa mke amemkimbia na kumfuata mwanamume mwingine. Wazazi wa Mary walipewa hadithi nzito kuliko zote: kwamba binti yao ni mjamzito, na Isabella amempeleka mbali ili jambo hilo limalizwe kimyakimya. Aliwasihi wasiende polisi.

Baba na mama wa kambo wa Mary hawakuikubali aibu hiyo waliyobebeshwa. Walikwenda polisi kutoa taarifa kuwa binti yao amepotea.

Wakati huo, zaidi ya kilomita 160 kaskazini, jambo jingine lilikuwa limetokea. Septemba 29, mwanamke aliyekuwa akitembea karibu na mji wa Moffat, Scotland, alichungulia kutoka darajani na kuona mkono wa binadamu kwenye korongo la kijito. Polisi walikusanya vipande vya miili vipatavyo 70, vingi vikiwa vimefungwa kwa nguo, shuka na magazeti.

Mwanzoni ilidhaniwa kuwa mmoja wa marehemu ni mwanamume, na magazeti yakaandika hivyo. Ruxton alipoisoma habari hiyo alimwonesha mama wa usafi kwa furaha, akisema basi hao si watu wao. Furaha hiyo haikudumu.

Vipande vinaanza kusema

Kazi ya kuunganisha miili ilifanywa na jopo la wataalamu wa vyuo vikuu vya Glasgow na Edinburgh. Miongoni mwao walikuwamo John Glaister na Sydney Smith, ambao wote wawili walikuwa wamefundisha tiba ya mahakama mjini Cairo, Misri, na James Brash, bingwa wa anatomia. Mfupa kwa mfupa, walithibitisha kuwa miili ni miwili na yote ni ya wanawake, mmoja akiwa na umri wa takriban miaka 20, mwingine kati ya 35 na 45.

Aliyeikata alitumia kisu, si msumeno, na aliachanisha maungio kama mtu anayeujua mwili wa binadamu. Zaidi ya hapo, alichagua cha kuondoa. Mary alikuwa na makengeza, na macho ya mwili mdogo yalikuwa yameng'olewa. Mary alikuwa na alama ya kuzaliwa mkononi, na ngozi ya mahali hapo ilikuwa imechunwa. Isabella alikuwa na kifundo kilichovimba pembeni mwa kidole gumba cha mguu, na sehemu hiyo ilikuwa imekatwa. Ncha za vidole vya mikono yake pia hazikuwapo.

Muuaji alidhani anafuta majina. Kumbe alikuwa ameacha orodha ya kila alichokijua kuhusu wanawake hao, na mtu wa kuyajua yote hayo hakuwa mpita njia.

Magazeti yaliyofungia vipande yaliongeza jingine. Moja lilikuwa Sunday Graphic la Septemba 15, katika toleo maalumu lililouzwa eneo la Lancaster na Morecambe tu. Hapo polisi wa Scotland wakajua mahali pa kuuliza.

Mama wa kambo wa Mary alioneshwa blauzi iliyokutwa kwenye kijito. Aliitambua mara moja kwa kiraka cha kwapani, kwa kuwa ni yeye aliyekishona kwa mkono wake. Shuka nayo ilikuwa na kasoro ya ufumaji katika ukingo wake, ileile iliyokuwa kwenye shuka iliyobaki kitandani kwa Isabella.

Alama za vidole vya Mary zililingana na zile zilizokutwa kwenye vyombo vya nyumba ya daktari. Viatu vya wanawake hao viliingia barabara kwenye miguu ya bandia iliyofinyangwa kutokana na miili. Picha ya fuvu ilipowekwa juu ya picha ya Isabella, mistari ya uso ilikubaliana. Funza waliokutwa kwenye nyama walionesha kuwa miili ilikuwa imekaa pale siku 12 hadi 14, muda uliorudi hadi siku zile za katikati ya Septemba.

Ruxton aliwapa polisi maelezo marefu ya maandishi kuhusu mienendo yake. Lakini kumbukumbu zilikuwapo kuwa Septemba 17 gari lake lilimgonga mwendesha baiskeli mjini Kendal, likitokea kaskazini kurudi Lancaster. Mwendesha baiskeli alishika namba ya gari, na polisi wakalisimamisha mbele kidogo.

Alikamatwa na kushtakiwa Oktoba 13. Kesi ilianza Manchester Machi 2, 1936, akitetewa na Norman Birkett, mmoja wa mawakili hodari wa wakati wake. Shahidi pekee wa utetezi alikuwa Ruxton mwenyewe. Alilia kizimbani, akakana yote. Machi 13, raia 12 waliosikiliza kesi walitumia takriban saa moja kumwona na hatia.

Hata hivyo, watu wapatao 10,000 walitia saini ombi la kutaka asinyongwe. Wengi walimkumbuka daktari aliyewatibu bila kuwadai. Ombi lilikataliwa, naye akanyongwa Mei 12, 1936, akiwa na miaka 37. Baada ya hapo lilichapishwa ungamo lake: alimuua Isabella kwa hasira, na Mary kwa sababu alishuhudia.

Watoto watatu walibaki bila mama wala baba, mkubwa wao akiwa na umri wa miaka sita hivi.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini haifupiki yenyewe. Kama ingekuwa neno la daktari mpendwa dhidi ya neno la wazazi wa msichana wa kazi, huenda Mary angebaki akitajwa Lancaster kama binti aliyetoroka na mimba. Jina lake lilisafishwa na wazazi waliokataa kunyamaza, na na kiraka kidogo cha kwapani.