Mfahamu Sista Aliyefariki 1970 Lakini Seli Zake Bado Ziko Hai

Msee, ukiskia MCF-7 unaeza dhani ni namba ya mathree. Zii. Hizo ni seli za kansa ya matiti, na watafiti wa huo ugonjwa kote duniani wanazijua. Lakini zilitoka kwa nani? Wacha nikuchanue.

Alikuwa anaitwa Frances Mallon, mtawa wa shirika la Immaculate Heart of Mary mjini Monroe, Michigan, huko Marekani. Wenzake walimjua kama Sister Catherine Frances. Kansa ya titi ilisambaa, maji yakajaa kando ya mapafu. Sampuli ya hayo maji ikafika Detroit kwa Herbert Soule, mtafiti wa Michigan Cancer Foundation. Sista alikuwa na miaka 69. Akafariki 1970.

Sasa elewa ishu ilikuwa wapi. Enzi hizo ungeweka seli za kansa ya matiti kwa chupa, uzilishe, uzipe joto la mwili, na bado nyingi zingekufa tu. Soule alijaribu mara 6, ikagoma. Ya 7 ndio ilikuwa ya sista. Zikashika, zikazaana, hazikukoma. Hiyo ndiyo maana ya 7. MCF ni herufi za taasisi yenyewe. Ripoti ilitoka 1973.

Noma ni kuwa maabara kadhaa zilidhani zina seli za matiti, kumbe zina za Henrietta Lacks, aliyefariki 1951 kwa kansa ya mlango wa kizazi. Seli zake ziliingia kwa chupa za wengine zikameza zote. Za sista zilikuwa za matiti kweli.

Tena zilikuwa na vipokezi vya homoni ya estrojeni. Ukiongeza homoni, zinakua. Ukiweka tamoxifen, zinapunguza kasi. Hapo ndio watafiti walianza kuelewa mbona hiyo tembe inasaidia wagonjwa wengine na wengine haiwasaidii.

Kwa hivyo kama mathako ama auntie anameza tamoxifen saa hii, mkono wa huyu sista uko hapo. Yeye mwenyewe hakuona matunda yake, na watu wa maabara wengi wanajua namba tu. Wewe sasa unajua jina.

Na ukihisi uvimbe kwa titi, usingoje uumwe. Enda upimwe.